UZI: Kuunga na kupaka rangi Chevrolet Bel Air 1957 ya kipimo 1/25, toka boksini hadi nikeli

#1 MsasaMaji
Wakuu, salaam. Maswali ya modeli za magari ya Kimarekani yametapakaa kila kona, tuyakusanye hapa. Ili tusizunguke, tuchukue gari moja: Chevrolet Bel Air 1957 ya milango miwili, seti ya plastiki ya 1/25. Ukiimudu hiyo, Mustang ya 1964 au Cadillac ya 1959 haitakusumbua, maana shida ni zilezile: nikeli nyingi na bodi yenye kona kali.

Kwanza kariri hili. Wamarekani walipima magari yao kwa inchi, na kwenye 1/25 inchi moja ya gari halisi ni milimita moja ya modeli (kwa usahihi 1.016). Bel Air ina inchi 115 toka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo modeli iwe na milimita 117 hivi. Rimu ya inchi 14 ni milimita 14. Ukitilia shaka kitu chochote, shika rula.

Hesabu hiyohiyo inakuonya kuhusu rangi. Rangi yenye unene wa 0.1 mm, ambayo kwa macho ni nyembamba, kwenye gari halisi ingekuwa na unene wa milimita 2.5. Mwanya wa mlango wa milimita 5 kwenye gari halisi ni 0.2 tu kwenye modeli. Ukipaka ovyo, mwanya unajaa, herufi za ubavuni zinazama, na bodi inabaki kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima.

Maandalizi:
- Osha fremu zote za plastiki (zile zilizoshika vipande) kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke zenyewe. Mafuta yanayosaidia plastiki kutoka kwenye kalibu hubaki juu yake, na rangi haishiki hapo.
- Usinyofoe kipande kwa mkono. Kata mbali kidogo na kipande kwa koleo la makali bapa, kisha punguza kishina kwa kisu na malizia na msasa namba 600.
- Tafuta mistari ya kalibu kwenye bodi. Kwenye modeli za magari hupita juu ya fenda na kandokando ya paa, na chini ya rangi inayong'aa huonekana wazi kabisa. Kwaruza kwa mgongo wa kisu, kisha msasa 800 wa maji.
- Chonga upya mianya ya milango na buti kabla ya praima (rangi ya msingi): mgongo wa kisu kipya, mara mbili tatu, bila kukandamiza. Ukilazimisha kwa mkupuo mmoja kisu kinateleza na kupasua mlango.
- Unga bila gundi kwanza. Chesisi, sakafu ya ndani, kioo cha mbele na bodi vishikwe kwa tepu, vyote pamoja. Kioo cha mbele cha 1957 kimejikunja hadi pembeni. Kama hakikai sasa, baada ya rangi ndiyo hakitakaa kabisa.

#2 Kijiti
Mkuu, mbona maboksi mengine yameandikwa 1/24? Naweza kuchukua injini ya huko nikaiweka humu?

#3 MsasaMaji
1/25 ilitoka kwenye modeli ndogo ambazo wauzaji wa magari Marekani walikuwa nazo kuonyesha magari mapya ya mwaka. Kampuni ya AMT ya Michigan, iliyoanza 1948, ilizitengeneza kwa kipimo hicho, na ilipoingia kwenye seti za kuunga ikabaki nacho. Monogram walipendelea 1/24, na Wajapani kama Tamiya pia.

Tofauti ni asilimia 4. Kwenye urefu wa Bel Air toka ekseli hadi ekseli ni karibu milimita 5, hilo linaonekana. Kwenye kabureta au betri halionekani. Injini nzima ya 1/24 itaingia, lakini feni itagusa radieta na boneti huenda isifunge. Usukani wa 1/24 uache, unajulikana mara moja.

#4 DadaPraima
Niongeze kitu kinachowaharibia watu kazi: seti iliyotolewa kwa plastiki nyekundu. Kemikali ya rangi iliyomo kwenye plastiki hupanda polepole kupitia praima, na paa lako jeupe linageuka pinki baada ya siku kadhaa. Tabaka zaidi za nyeupe hazisaidii, kiyeyushi kilichomo kwenye kila tabaka kinaivuta tena. Kinga ni tabaka la fedha kati ya plastiki na praima, nyembamba lakini lisiloacha tundu. Chembe za alumini hulala kama vigae na kuziba njia. Fanya hivyo hata kama bodi utaipaka buluu, kwa sababu paa litakuwa jeupe.

#5 MsasaMaji
Asante dada, hilo ningelisahau. Sasa rangi yenyewe.

Praima: tabaka mbili nyembamba, umbali wa sentimita 15 hadi 20, anza kupuliza nje ya bodi na umalizie nje. Kopo la kupulizia liweke kwenye maji ya vuguvugu (yasizidi nyuzi 40) dakika 5 hadi 10 kabla ya kazi. Presha inapanda na matone yanakuwa madogo. Maji yanayochemka kamwe, kopo hulipuka.

Ukitumia brashi ya hewa: nozeli ya 0.3 mm, presha bar 1 hadi 1.4, rangi ya laka na thina yake nusu kwa nusu. Nzito sana inatoa nyuzinyuzi kama utando wa buibui, nyepesi sana inatiririka toka kwenye mapezi (yale mabawa ya nyuma ya bodi). Tabaka la kwanza liwe ukungu tu, bado unaiona praima chini yake. Dakika 10. La pili hivyo hivyo. La tatu ndilo la maji, linalong'aa likiwa bichi. Watu wengi huanza na la maji, ndipo rangi inakimbia kona zote kali na kuacha mstari wa praima juu ya mapezi.

Mpangilio halisi wa rangi mbili kwenye Bel Air: paa ndilo lenye rangi ya pili, bodi yote ni moja. Ile kabari ya ubavuni nyuma ni bamba la alumini lenye mistari, si rangi. Gari ambalo kabari yake imepakwa rangi ya paa ni dada yake wa bei ya chini, Two-Ten. Mkichanganya hapo mtu anayeijua gari atawacheka. Rangi za kiwandani zinazokwenda pamoja ni nyeupe ya India Ivory juu na buluu ya Larkspur Blue chini, au India Ivory na nyekundu ya Matador Red.

Nyeupe kwanza. Iache ikauke siku mbili, funika paa kwa tepu, kisha buluu. Mpaka uufuate ukanda wa nikeli chini ya paa, kosa dogo litafichwa na foili ya fedha utakayobandika baadaye. Tepu ya dukani kwa fundi rangi ina ukingo uliochakaa: ibandike kwenye kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula, ndipo uitumie. Ukishabandika, puliza ukungu wa *nyeupe ileile* kwenye ukingo wa tepu kabla ya buluu. Kama kuna mahali patavuja, nyeupe ndiyo itakayovuja na kuziba, huioni.

#6 Kijiti
Huku Tanga rangi inatoka na ukungu mweupe, hasa nyeusi na buluu. Kopo jipya kabisa.

#7 KompresaKimya
Kopo halina kosa. Ni unyevu. Thina inapokauka kwa kasi inapoza uso wa bodi, mvuke wa hewani unageuka maji juu ya rangi ikiwa bado mbichi, unabaki humo. Pwani nzima ina shida hiyo, Mombasa hadi Lindi.

Unyevu wa hewa huwa juu kabisa usiku na alfajiri, na hushuka jua likiwa kali. Kwa hiyo pulizia kati ya saa nane na saa kumi alasiri, usipulizie usiku eti kwa sababu kuna baridi. Mvua ikitoka kunyesha, ahirisha. Kwa brashi ya hewa, ongeza kwenye thina asilimia 5 hadi 10 ya kiyeyushi cha kuchelewesha kukauka, kile wanachouziwa mafundi rangi wa magari kwa kazi ya masika. Usizidishe: kinavyokaa zaidi juu ya plastiki ndivyo kinavyoila.

Rangi iliyokwisha kuingia ukungu mweupe huokolewa: siku kavu, puliza ukungu wa thina hiyo ya taratibu peke yake, rangi inalainika na unyevu unatoka.

Na kompresa. Hewa ikibanwa hutoa maji. Fungua koki ya chini ya tenki kila unapomaliza, weka kichujio cha maji kwenye mpira karibu na mkono, si kwenye tenki tu, kwa sababu hewa inaendelea kupoa njiani. Tone moja likitoka kwenye nozeli ni duara katikati ya boneti.

#8 DukoMzee
Nawasikia, lakini kwa nini mnahangaika na vichupa vya rangi vya bei mbaya? Rangi ya duko ya magari ipo kila mtaa, wanakuchanganyia rangi yoyote.

#9 MsasaMaji
Mzee, shikamoo. Rangi ni nzuri, na kihistoria una haki: jina duko lenyewe linatoka kwenye Duco, laka ya DuPont ambayo General Motors waliitumia tangu miaka ya 1920. Tatizo ni thina. Bodi ya modeli ni polistirini, na thina ya dukani huiyeyusha. Utaona nyufa ndogo kama utando, na praima haizifichi.

Anayetaka kuitumia ajaribu kwenye kijiko cha plastiki kwanza, lakini asome alama chini yake. Chenye namba 6 na herufi PS ni polistirini, jibu lake ni la kweli. Chenye namba 5 ni polipropilini, thina haikigusi hata kidogo. Utafurahi, kisha uharibu bodi. Kijiko kikipona, basi: praima ya modeli tabaka tatu kavu, siku moja, halafu duko kwa ukungu mtupu, dakika 15 kati ya tabaka, bila tabaka la maji kabisa. Mng'ao utautafuta kwenye vanishi.

Ila epuka duko ya chembe za metali. Chembe ya 0.04 mm kwenye modeli ni sawa na chembe ya milimita nzima kwenye gari. Gari litaonekana limemwagiwa sukari.

#10 DukoMzee
Marahaba. Hapo kwenye kijiko nimekubali. Na vanishi ya mchanganyiko wa hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu)?

#11 DadaPraima
Inatoa kioo kizuri kuliko zote na haili rangi sana, ila hadina ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Kitambaa puani hakikingi, na barakoa ya vumbi haikingi. Kama huna barakoa yenye vichujio vya kemikali vipya na mahali pa wazi pasipo na watoto, tumia vanishi ya kawaida ya laka. Sitaki mabishano hapo.

Vanishi ya laka: tabaka 4, acha wiki moja. Nusa bodi, kama inanuka thina bado haijakauka, na ukiisugua itarudi kuwa na mawimbi. Usiiharakishe kwa kuiacha kwenye gari lililofungwa juani, dashibodi inapita nyuzi 70 na paa linalegea katikati.

Kung'arisha: msasa wa maji namba 4000, 6000, 8000, 12000, maji yenye tone la sabuni, kwa mwelekeo mmoja na kila namba ivuke mwelekeo wa iliyotangulia. Kabla ya kuanza bandika tepu nyembamba juu ya ncha za mapezi, ukingo wa boneti na kila mstari uliotokeza. Rangi kwenye kona ni nyembamba kuliko sehemu bapa, msasa ukipita mara tatu tu unaona praima, na hapo hakuna kiraka, ni kurudia upande mzima. Malizia kwa dawa laini ya kung'arishia na fulana ya pamba iliyochakaa.

#12 KaratasiYaFedha
Nikeli niachieni mimi.

Vipande vya kwenye fremu vimewekwa nikeli kiwandani, ambayo kwa kweli ni alumini nyembamba juu ya vanishi. Gundi ya plastiki haishiki juu yake. Kwaruza mahali pa kuunga mpaka uone plastiki, ama bampa litadondoka lenyewe mwaka ujao. Kipande chenye mstari wa kalibu katikati ya bampa kivue nikeli yote: kiloweke kwenye Jik, alumini inayeyuka, kwa kawaida dakika 10 hadi saa moja. Fungua dirisha, na usichanganye na siki, dawa ya choo wala kitu chenye amonia. Baada ya hapo itabaki vanishi ya njano njano, ipige msasa 1000, kisha rudisha mng'ao kwa rangi ya nikeli juu ya nyeusi inayong'aa kama kioo. Nyeusi ikiwa na vinundu kama ganda la chungwa, nikeli nayo itakuwa navyo.

Dhahabu: Bel Air ina wavu wa dhahabu kwenye grili, V ya dhahabu kwenye boneti kwa magari ya V8, na alama tatu za dhahabu kwenye kila fenda ya mbele. Usitafute rangi ya dhahabu, ina chembe kubwa. Paka njano angavu (inayopitisha mwanga) ya Tamiya X-24 yenye tone la chungwa angavu X-26 moja kwa moja juu ya nikeli.

Mistari ya ubavuni na kuzunguka vioo: foili ya kubandika ya Bare-Metal. Foili ya jikoni ina 0.016 mm, ambayo kwenye gari ingekuwa bamba la 0.4 mm, ni nene na haikunjiki kwenye kona mbili. Kata kipande kipana mara mbili ya mstari, kilaze bila kukivuta, sugua kutoka katikati kwenda nje kwa kijiti cha meno kilichobutuliwa, mpaka uone ukingo wa mstari wote. Kisha kata. Kisu kipya, na nikisema kipya namaanisha kipya kwa kila upande wa gari. Kisu butu hakikati foili, kinaivuta na kuichana, na mkono unaongeza nguvu mpaka unakata rangi. Uzito wa kisu wenyewe unatosha.

Herufi za ubavuni zina ujanja wake. Bandika foili juu yake *kabla* ya rangi, baada ya praima. Paka rangi na vanishi kama kawaida. Kijiti kilichofungwa kitambaa na kuloweshwa thina kidogo sana, pitisha juu ya herufi tu: rangi inatoka kwenye kilele, fedha inajitokeza, na ukingo unabaki mkali kuliko brashi yoyote.

#13 Kijiti
Foili kabla ya vanishi au baada?

#14 KaratasiYaFedha
Baada. Vanishi juu ya foili inaifanya kijivu.

#15 DadaPraima
Na mimi nasema kabla ya tabaka la mwisho, kwa sababu pwani gundi yake huachia kwenye kona. Kijivu kidogo ni afadhali kuliko foili iliyosimama. Kwa herufi nakubaliana nawe.

#16 PlagiNane
Injini. V8 ya inchi za ujazo 283 imepakwa rangi ya chungwa, injini nzima, na si ya kung'aa sana. Manifoldi za eksozi ni chuma cha kijivu chenye doa la kahawia bila mng'ao, kwa sababu joto huunguza rangi wiki ya kwanza.

Waya za plagi: waya halisi wa milimita 7 ni 0.28 mm kwenye modeli. Uzi mmoja wa ndani ya waya ya simu wenye ngozi yake mara nyingi ni mnene mno, pima kwanza. Toboa kwa biti ya 0.35 mm ya kuzungusha kwa vidole. Kwenye Chevrolet distributa iko nyuma ya injini karibu na ukuta, kwenye Ford iko mbele. Ukiiona mbele kwenye Bel Air, mtu amekosea injini. Silinda namba 1 ni ya mbele upande wa dereva, upande huo ni 1-3-5-7, abiria 2-4-6-8. Distributa inazunguka kama saa na mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Waya nane zikikaa sawa, boneti ikifunguliwa mekanika haoni kasoro.

Mkanda wa kiti usiweke. Sheria ya Marekani iliyolazimisha mikanda ilianza 1 Januari 1968.

#17 MsasaMaji
Matairi, kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri hufia kabatini. Matairi laini ya seti nyingi, hasa za zamani, yana mafuta ya kulainisha ambayo huhama na kuyeyusha plastiki inayoyagusa. Baada ya muda rimu inazama ndani ya tairi, au tairi likiwa ndani ya boksi linaacha alama kwenye kioo au bodi. Funga matairi kwenye mfuko wake tangu siku ya kwanza. Kabla ya kuyavisha, zungushia rimu kipande cha foili pale inapogusana na tairi.

Ukanda mweupe wa 1957 ni mpana, milimita 2 hadi 2.5. Mwembamba wa milimita moja ni wa kuanzia magari ya 1962. Seti zilizotolewa upya huwa na matairi ya kuchanganya, soma kabla ya kuyatumia.

Mpangilio wa mwisho: vioo kwa gundi nyeupe ya mbao, maana supagluu hutoa moshi unaoweka ukungu kwenye kioo, na ukungu ule hautoki kirahisi. Kisha sakafu ya ndani, kisha chesisi kwa kuingiza nyuma kwanza na kusukuma mbele, bampa mwishoni. Kabla gundi ya ekseli haijakamaa simamisha gari juu ya kioo bapa na uangalie magurudumu yote manne yanagusa. Kibao cha namba: inchi 6 kwa 12, yaani milimita 6 kwa 12.

#18 Kijiti
Nimehesabu vipande vyote. Mfuniko wa tenki la mafuta haupo, wala kwenye bodi hakuna alama yake. Nichonge?

#19 KaratasiYaFedha
Usichonge. Kwenye 1957 umefichwa nyuma ya ule ukanda wa nikeli wa wima mwishoni mwa pezi la kushoto. Pita na ncha ya kisu mstari mmoja mwembamba upande mmoja wa ukanda, kabla ya foili, foili itaufuata wenyewe.